Mpini ni Nguo

Hartford, Connecticut
8 Septemba 1991

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo hunikumbusha umri kila nikitoka kwenye shimo la lifti kazini. Jeannine hajambo, anauliza kama goti lako bado linatabiri mvua. Huko nyumbani Sipayik hamjambo? Jirani Simon je, na yule mbwa wake mwizi wa samaki? Waliokwenda kuchuma bluberi wamerudi na chochote, au wamerudi na migongo mibovu tu?

Nina habari, usinicheke. Wale wa chumba cha makumbusho cha huko kwetu wameniandikia. Wanavitaka visu vyangu vya kuchongea vyote, arobaini na kimoja, waviweke kwenye maonyesho tarehe 26 Oktoba. Halafu wanasema watanivika blanketi la heshima mbele ya watu kwa kuurudisha urithi wa kabila letu nyumbani. Mimi, ambaye sijawahi kuchonga hata kijiko! Jeannine amecheka mpaka akakaa chini. Unajua anavyowaambia wageni wetu wakiviona ukutani: "Hivi ni visu vya wakwe zangu, watu pekee duniani wanaochonga kwa kuvuta kisu kuelekea kifuani mwao, na bado wako hai."

Nimekaa navyo miaka mingi, Mama Mdogo. Kila Jumamosi nimo kwenye minada na kwa wachuuzi wa vitu vya kale, na nikiona ncha iliyopinda moyo hunienda mbio. Sasa nitavituma kwako kwa posta, maana chumba chao hakina hata kufuli. Viweke chini ya kitanda mpaka siku hiyo.

Na tafadhali usivitumie. Nakujua.

Mwanao,
Clayton


Sipayik
20 Septemba 1991

Mwanangu Clayton,

Marahaba. Goti limeacha kutabiri mvua, siku hizi linatabiri wageni, na halikosei. Sisi wazima. Mbwa wa Simon ni mzima kuliko sote, kwa samaki wangu. Bluberi mwaka huu zilikuwa chache, lakini maneno ya wachumaji ni mengi kama kawaida.

Sanduku limefika. Nimelifungua mezani nikakuta umevilaza, kila kisu ndani ya soksi yake, na kikaratasi cha namba shingoni. Nikasema, Mungu wangu, mtoto huyu ameniletea maiti arobaini na moja! Ulisema nisivitumie. Wewe ulisema, mimi sikuitikia. Nina mikono ya vikapu kumi na miwili ya kuchonga inanisubiri, na kisu changu kimebaki cha kupaka siagi.

Basi nikavijaribu kimoja kimoja. Mwenye namba tatu alikuwa na kidole gumba kifupi, kimenichosha. Namba kumi na tisa ni cha mvivu, hakijanolewa vizuri tangu kizaliwe. Namba ishirini na saba, kile chenye mpini wa kichwa cha farasi, nilikidharau. Sisi na farasi wapi na wapi? Nikakivuta mara moja tu kwenye mti, na randa la mti likatoka na mstari katikati.

Clayton, nikakigeuza nikalitazama bapa.

Hilo ni bapa la kisu cha baba. Babu yako Sapiel alilifua kutoka kwenye tupa kuukuu, na mimi nikiwa na miaka tisa nililitia pengo kwa kuligonga kwenye msumari. Hakunichapa. Pengo hakuliondoa, alisema bapa litakuwa jembamba mno, kwa hiyo kila alichokichonga tangu siku hiyo kina mstari mwembamba kama unywele. Nimekishusha kikapu chake cha viazi nikaweka randa kando ya mkono wake. Mstari ni ule ule.

Sasa nimeelewa kwa nini mara zote ulikuwa unaniuliza kuhusu mpini wa kichwa cha bata, ulikuwaje, bata alitazama wapi. Ulikuwa unakitafuta kisu cha babu yako! Lakini ulitafuta mpini, mtoto wa mjini wewe. Mpini ni nguo. Baba mwenyewe alikibadilishia mipini minne ninayoikumbuka. Mtu akivaa koti jingine huwezi kumjua? Kikaratasi chako kinasema ulikinunua mnadani New Hampshire mwaka 1985. Miaka sita kimening'inia kwako sebuleni unakipita ukienda kunywa chai, na ungekivuta mara moja tu kwenye kipande cha mti kingekuambia jina lake.

Nimelia, sifichi. Na nitamtaja mtu ambaye sijamtaja tangu wiki ya mazishi. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwanangu Newell aliiuza redio yangu akanywea, na akakiri mwenyewe. Kwa hiyo kisu kilipotoweka kwenye droo sikuhitaji kuuliza. Ulikuwepo ukumbini siku tuliyomzika baba, watu wameshika mabakuli ya supu ya mahindi, nikamwambia mbele yao wote aondoke na asirudi bila kisu. Akasema, "Mama, sikukichukua." Kadi zake za Krismasi nazirudisha bila kuzifungua, miaka kumi na moja sasa.

Ona basi. Alichokiuza niliyemzaa kimerudishwa na niliyemlea. Dada yangu huko aliko na afurahi.

Niandikie upesi. Nataka kujua Newell alikiuza kwa nani.

Mama yako mdogo,
Philomene


Hartford
10 Oktoba 1991

Mama Mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana, kuna jengo jipya na lifti zake zina vichwa vigumu. Tuko salama. Natumaini mikono ya vikapu imeisha na goti limetulia.

Uliuliza kuhusu kisu. Mtu wa mnada aliniambia kilitoka kwa mchuuzi wa vitu vya kale kando ya barabara ya Ellsworth. Huyo naye alikipata zamani kwa kijana wa kwetu. Jina hakulijua. Zaidi ya hapo sina.

Yaliyopita si ndwele, Mama Mdogo. Kisu ni chako, kitoe kwenye sanduku usiwape wa makumbusho. Na hilo la blanketi, nakuomba uwaambie waliache. Waweke visu, watu watazame, waende zao. Sitaki kuvikwa kitu.

Jeannine anakusalimu.

Mwanao,
Clayton


Sipayik
4 Novemba 1991

Mwanangu,

Hujambo? Na lifti hazijambo? Maana ulimpigia Simon asubuhi ya maonyesho kusema umebanwa na lifti mbovu. Lifti zote za Connecticut ziliharibika siku moja? Nilivaa gauni la bluu, nimekaa mbele, kiti changu na chako, na chako kitupu. Wakasema maneno mazuri juu yako kwa kiti. Blanketi wamenipa mimi nikushikie, liko hapa limekunjwa.

Sikuandiki kwa hasira, nina shida. Baada ya barua yako niliwaza sana. Kisu kimerudi, nami nazeeka. Nikamwandikia Newell, huko Portland anakosugua masufuria hotelini. Nikamwambia, mwanangu, kisu cha babu yako kimepatikana, Clayton amekipata, nami nimekusamehe wizi wako, njoo nyumbani Krismasi. Unajua nilivyo, barua ile ilinichukua siku tatu. Nilidhani atakuja mbio.

Amejibu mistari michache tu. Nainakili kama ilivyo:

"Mama, shikamoo. Nimefurahi kisu kimerudi. Siwezi kuja kusamehewa nisichokifanya. Ukae na kisu, na msamaha ukae nao pia, huenda kuna atakayeuhitaji. Msalimie Clayton. Muulize kama lile jaketi bado linamtosha."

Umeona kiburi hicho? Mtu anaitwa nyumbani anajibu mafumbo! Jaketi gani? Mimi sikumwelewa kabisa.

Nakuomba kitu kimoja. Ukipata nafasi panda basi mpaka Portland ukaongee naye. Mlilala kitanda kimoja mkiwa wadogo, mkipigania blanketi. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia.

Mama yako mdogo,
Philomene


Hartford
12 Novemba 1991

Mama Mdogo,

Nimeianza barua hii mara nne kwa shikamoo na mara nne nimeichana. Nitaandika bila salamu, na ukiimaliza utajua kwa nini.

Kisu nilikichukua mimi.

Babu alikuwa bado amelazwa sebuleni akingoja kuzikwa. Ulinituma nikatafute mishumaa kwenye droo, nikakiona. Kwa yule mchuuzi wa barabara ya Ellsworth kulikuwa na jaketi la ngozi, la kahawia, lenye manyoya ya kondoo shingoni, nililitazama majira yote ya kiangazi kila tulipopita na lori la bluberi. Aliwahi kuniambia angelibadilisha kwa kisu cha kale kizuri. Nikajisemea hakuna atakayechonga mpaka theluji iyeyuke, na kabla ya hapo nitakuwa nimekikomboa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, sikuwa mtoto. Asubuhi nilikwenda, mchana nikarudi nimelivaa. Ulinikuta mlangoni ukaninyoosha kola ukasema nimependeza, babu angefurahi. Uliniuliza nimelipata wapi nikasema la rafiki.

Kesho yake, ukumbini, ulipoanza kumfokea Newell, nilikuwa meza ya pili. Alisema, "Mama, sikukichukua." Halafu akageuka akalitazama jaketi, akanitazama mimi. Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nikameza. Nakumbuka supu ilikuwa ya moto sana. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, ilikuwa ndefu kabisa, sijui kwa nini watu husema mambo kama hayo hutokea haraka.

Theluji ilipoyeyuka nilirudi kwa mchuuzi, kisu kilikuwa kimeshauzwa. Basi nikaanza kutafuta. Watu wanasema nakusanya, wananisifu, wanataka kunivika blanketi. Nilikuwa natafuta kisu kimoja tu, na kila nilipokikosa nilinunua kingine ili nisitoke mikono mitupu. Na nilitafuta mpini kwa sababu ndio pekee niliouona kwa Babu. Makali sikuyajua. Sikuwahi kukishika kwa kazi.

Na yule "kijana wa kwetu" niliyekuandikia Oktoba ni mimi. Nilikuacha ufikiri ni Newell, tena, kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Nitakuambia nilichoogopa, si kwamba kinasaidia. Newell ni mwanao hata ukimfukuza. Mimi nililetwa kwako na begi. Niliogopa ukinifukuza sitakuwa wa mtu yeyote. Nina aibu, Mama Mdogo. Naona aibu hata kuliandika neno lenyewe, kwa sababu kuandika ni rahisi.

Clayton


Sipayik
17 Februari 1992

Clayton,

Mimi mzima. Wewe na Jeannine natumaini wazima. Salamu zimeisha.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya Biblia, nikaitoa, nikairudisha. Jeannine alimpigia Simon mara mbili, nikasema aambiwe nimelala. Sikuwa nimelala. Krismasi niliila peke yangu kwa hiari.

Januari nikapanda basi mpaka Portland. Theluji ilitukwamisha Machias saa nne nzima, mimi na mwanamke mmoja mwenye paka. Nikaenda hotelini kwa mlango wa nyuma, wakaniitia Newell. Clayton, ana nywele nyeupe kuliko zangu. Hanywi tena, miaka saba. Sikujua, ningejuaje? Nikamsomea barua yako pale pale jikoni, yeye anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

Nilipomaliza akasema, "Najua, Mama. Nilijua kabla hujamaliza kunifokea."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema sikukichukua. Ulitaka nisemeje?"

Wewe una aibu ya kijana aliyetamani koti. Aibu yangu mimi ni kwamba mwanangu aliniambia ukweli kwa maneno mawili, macho yake kwenye macho yangu, nami nikaiamini redio. Kadi kumi na moja. Nilikuwa nazipima kwa mkono kabla ya kuzirudisha, nijue kama ameandika mengi. Hilo hakuna anayelijua, sasa unalijua.

Nikamwambia turudi nyumbani. Akaniuliza, "Nani wengine wanajua?"

Nikasema, "Mimi, wewe na Clayton."

Akasema, "Basi bado mimi ni mwizi." Akachukua sufuria nyingine.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi tarehe 14 Machi kuna chakula cha jioni ukumbini, watu wote watakuwepo, kina Simon, wazee, na wale wa makumbusho. Utakuja. Nitasimama mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyemfukuza. Halafu utasimama wewe, useme ulivyoniandikia, usipunguze. Usilete zawadi. Usilete kisu. Newell nimemjulisha, hakusema atakuja wala hatakuja.

Unauliza kama nimekuchukia, hukuuliza lakini unauliza. Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine nakumbuka ulivyokuja, ulikataa kulivua begi hata mezani, ukala nalo mgongoni. Sijui nifanye nini na siku hizo.

Kisu cha baba nakitumia kila siku. Mikono ya vikapu haijichongi.

Mama yako mdogo. Nimeandika hivyo kwa sababu sijui kuandika vingine.
Philomene


Hartford
17 Machi 1992

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimefika salama jana usiku, basi halikukwama popote. Jeannine anakushukuru kwa mkate wa kukaanga, ameumaliza wote. Nimemweleza kila kitu, hakujua. Ameviangalia visu vilivyorudi na sanduku baada ya maonyesho, halafu amekwenda kulala. Natumaini kusimama kule mbele hakukuumiza goti.

Nilikusikia ukisema. Nilidhani nitakuwa naangalia viatu vyangu lakini nilikuangalia wewe. Ulisema "nilimdhulumu mwanangu" bila kutetemeka, na mimi niliyefuata sauti ilinitoka kama ya mtu mwenye mafua. Hata sijui kama wa nyuma walisikia. Simon aliposema, "Rudia, wengine hatukusikia," nilitamani sakafu ipasuke. Nikarudia. Sasa najua hakusema kwa ukatili, nilistahili kurudia.

Nilijiandaa kutukanwa. Sikujiandaa kwa bakuli. Mtu aliniwekea chakula mbele yangu kama anavyowekewa mtu yeyote, na ikabidi nile, na watu wakarudi kuongea habari za theluji. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kupewa kijiko.

Ulimwona Newell amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Niliona ulivyomwendea, sitaandika habari za hilo, ni lenu. Lakini kuna jambo hukuliona, ulikuwa jikoni unaosha vyombo. Nilimkuta nje, kando ya gari la Simon, anangoja kupelekwa kituoni. Nikaanza kumwomba radhi. Akainua mkono.

"Hilo liache kwanza," akasema. "Kuna kitu nataka ukijue. Mama anadhani siku ile niliondoka kwa hasira. Sikuwa na hasira. Nilichukua shati moja."

Sikuelewa. Nikamuuliza shati gani.

"Shati moja, Clay. Sikufunga mzigo. Nilikuona pale umekaa, nikakujua, nikajisemea kesho huyu atasema. Kesho akishindwa, kesho kutwa. Nikalala kwa watu Machias ili niwe karibu ukinitumia ujumbe. Shati la pili nilinunua theluji ilipoyeyuka, na ujumbe haujaja."

Simon akawasha gari. Newell akapanda, akafunga mlango, akateremsha kioo akasema huenda akaja wakati wa bluberi, hana uhakika, nisikuahidi. Nami nimekuandikia hivyo hivyo alivyosema.



Mwanao,
Clayton